Je, Mfungaji Mkuu Naye Azibe Pengo?



Nimeombwa niandike kidogo juu ya michezo ya huku ugenini. Ningeweza kuwaeleza mengi juu ya theluji na baridi, lakini hayo mmekwisha kuyasikia kwa wengine. Mimi nataka kueleza neno moja tu, ambalo lilianza kunisumbua hapo hapo Gihundwe, na ambalo nilikuja kupata jawabu lake katika mchezo nisioujua kabisa wakati ule, yaani hoki ya barafu. Neno lenyewe ni hili: timu ikiwa imetolewa mtu mmoja kwa adhabu, na wenzake wamebaki pungufu, je, yule mfungaji mkuu aingie kulinda pamoja nao, au akae kando atunze nguvu zake za kufunga?

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekosa, tena nilikosa mara mbili.

Mwaka 2007 nilikuwa katika timu yetu ya mpira wa mikono. Kazi yangu ilikuwa kufunga. Sijisifu nikisema hivyo, maana kila mtu ana kazi yake, na mimi mkono wangu ulikuwa mzito na mpira ulinitii. Katika mchezo huu timu huwa na watu saba kiwanjani, golikipa na wenzake sita. Mchezaji akimshika mwenzake vibaya au akimsukuma, refa humtoa kwa dakika mbili, na timu yake hubaki na watu watano mbele ya golikipa mpaka dakika zile ziishe. Tena mtu huweza kutoka na mwingine kuingia wakati wowote bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo ni juu ya mwalimu kuchagua ni nani watakaoziba pengo.

Siku hiyo tulikuwa tukicheza na shule moja kutoka ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Zilibaki dakika nne, na sisi tulikuwa mbele kwa goli 18 kwa 17. Mara rafiki yangu, aliyekuwa mlinzi wetu wa kutegemewa, akatolewa kwa dakika mbili. Mwalimu wa michezo akageuka akatazama benchi. Mimi nilikuwa nimekaa nikipumzika. Macho yake yalipokaribia kunifikia, niliinama nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Msicheke. Nilikuwa na sababu zangu. Nilijiambia kwamba mimi si mlinzi, kwamba nikichoka sasa ni nani atakayefunga goli la mwisho, na kwamba kila chombo kina kazi yake. Mwalimu akampeleka mtoto mmoja wa mwaka wa pili, mwenye bidii nyingi na mabega membamba. Wageni wakampita mara mbili. Adhabu ilipokwisha tulikuwa nyuma 19 kwa 18, nami nikaingia na nguvu zangu zote nilizozitunza. Nilipiga mara mbili. Mpira mmoja uligonga mwamba na mwingine ukadakwa. Tukashindwa.

Jioni tukashuka Kamembe kununua mandazi, na rafiki yangu hakusema neno mpaka tulipokaribia soko. Kisha akaniambia taratibu, "Kamba zako zilikuwa zimefungwa tangu asubuhi."

Neno lile liliniuma mwaka mzima. Basi mwaka 2008 nikaapa kwamba timu ikipungukiwa na mtu, nitakuwa wa kwanza kuingia. Na kweli nikawa wa kwanza, kila mara, hata mwalimu aliponiashiria nikae. Katika nusu fainali tulipewa adhabu tatu kabla ya mapumziko, na zote tatu nilikuwa mstari wa mbele nikijirusha mbele ya mpira kama golikipa. Katika ile ya tatu nilinyoosha mkono wangu wa kupigia nikazuia mpira uliopigwa kwa nguvu kutoka karibu, na kidole changu cha shahada kikatoka mahali pake. Goli halikuingia, hilo ni kweli. Lakini kipindi cha pili nilikitazama kutoka benchi, mkono umefungwa kitambaa, na timu yetu haikuwa na mpigaji. Tukashindwa kwa magoli sita. Safari hii rafiki yangu hakunilaumu. Alinibebea mfuko wangu hadi hospitali, akakaa nami mpaka nikahudumiwa.

Basi nilikuwa nimekosea kwa pande zote mbili, kwanza kwa kukataa na pili kwa kuzidisha. Nilimaliza shule bila kujua ni lipi lililokuwa sawa.

Miaka mingi baadaye nilifika huku Montreal kwa masomo, na mwenzangu mmoja wa chuoni akanikaribisha kwake kutazama hoki ya barafu katika televisheni. Mwanzoni sikuona kitu. Kile kisahani cha mpira mgumu wanachokichezea ni kidogo, upana wake sentimita 7.6 tu na uzito wake gramu 170 hivi, nacho huruka haraka hata macho ya mgeni hukipoteza. Lakini refa alipompeleka mtu mmoja kwenye kizimba cha adhabu, na saa ikaanza kuhesabu dakika mbili, nilisimama kitini. Nilikuwa nimeuona mchezo wetu wa Gihundwe, umevaa viatu vya visu na kofia ngumu.

Yafaa niwaeleze kidogo jinsi mchezo huu unavyokwenda. Kiwanja cha barafu katika ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini, iitwayo NHL, kina urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Kila timu ina watu sita, golikipa mmoja, mabeki wawili na mafowadi watatu. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Timu huja na wachezaji 20, nao hubadilishana daima, maana kazi ya kuteleza kwa nguvu zote huchosha sana. Kundi moja hukaa juu ya barafu kama sekunde 45 tu, kisha hutoka na lingine huingia. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu ndilo ufunguo wa habari yote. Katika hoki, nguvu za mchezaji ni kama fedha mfukoni. Sekunde alizotumia mahali pamoja hawezi kuzitumia tena mahali pengine.

Kosa dogo huadhibiwa kwa dakika mbili, na kosa kubwa kwa dakika tano. Aliyekosa huketi kizimbani, na wenzake wanne hubaki na golikipa kupigana na watano. Hao wanne husimama katika umbo la mraba mbele ya goli lao, huziba njia za pasi, na wakikipata kile kisahani hukipiga mbali mpaka mwisho wa kiwanja. Kwa timu kamili kupiga hivyo ni kosa, na mchezo husimamishwa. Lakini timu pungufu imeruhusiwa, ili ipate kupumua.

Zamani adhabu ilikuwa kali kuliko sasa. Ndogo au kubwa, aliyekosa alikaa kizimbani mpaka muda wake uishe, hata wapinzani wakifunga mara ngapi. Tarehe 5 Novemba 1955 Jean Béliveau wa Montreal Canadiens aliwafunga Boston magoli matatu katika sekunde 44, timu yake ikiwa na mtu zaidi. Kwa kuwa Canadiens waliwaonea wenzao namna hii mara nyingi, kuanzia msimu wa 1956–57 ligi iliweka sheria kwamba katika adhabu ya dakika mbili, goli moja likifungwa, aliyekosa hutoka kizimbani mara moja. Katika mpira wa mikono sisi hatuna huruma hiyo. Mnaweza kufungwa mara tatu, na mtu wenu bado ameketi.

Hata hivyo msidhani kuwa na mtu zaidi ni goli la bure. Katika NHL ya siku hizi, timu yenye mtu zaidi hufunga kama mara moja katika tano. Maana yake ni kwamba waziba pengo hushinda mara nne katika tano, wakiwa wanne mbele ya watano. Basi kuziba pengo ni ufundi, wala si bahati, na ndiyo sababu watu hubishana sana juu ya nani apewe kazi hiyo.

Kabla sijaingia katika ubishi huo, niseme kwamba mchezo huu si wa nchi za theluji peke yake. Nairobi, kwa jirani zetu wa Kenya, kiwanja cha barafu kilifunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari iliyoko barabara ya Mombasa. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Kiwanja chao kilikuwa kidogo kuliko kile kamili, na kwa muda mrefu hawakuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo. Mwaka 2018 waliletwa huku Kanada kucheza mechi na timu kamili, na siku ile Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wawili wakubwa kabisa wa ulimwengu, walivaa jezi ya Kenya wakacheza pamoja nao. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Nawataja hao kwa sababu wao na sisi tuna hali moja, na mbele nitawarudia.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Kwanza nitawasikiliza wale wasemao kwamba mfungaji asizibe pengo.

Hoja yao ya kwanza ni uchovu. Kuziba pengo ni kazi ya kukimbizana, kugeuka na kusimama ghafula. Fowadi akitumia dakika tatu katika kazi hiyo kila mechi, ni dakika tatu zilizotoka katika mfuko wa kufunga. Tena mara nyingi adhabu ikiisha, mchezo hufunguka, na hapo ndipo timu humtaka mfungaji wake akiwa na pumzi. Hoja ya pili ni hatari ya kuumia. Waziba pengo hupiga magoti mbele ya kisahani kinachoweza kuruka kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, ili kiwapige wao kisipige goli. Mguu wa mfungaji wa magoli hamsini ukivunjika kwa kuzuia mpigo mmoja, timu imenunua yai kwa bei ya kuku. Hoja ya tatu ni kwamba kazi hii ina mafundi wake, nao wanastahili heshima yao. Bob Gainey wa Montreal hakuwa mfungaji wa kutisha, lakini alizuia vizuri hata akapata tuzo ya fowadi bora katika ulinzi miaka minne mfululizo, tangu ilipoanza kutolewa mwaka 1978 hadi mwaka 1981. Kumpa mfungaji kazi ya mtu kama huyo ni kuwaharibia wote wawili.

Na mifano yao ni mizito. Alexander Ovechkin, ambaye tarehe 6 Aprili 2025 alifunga goli lake la 895 na kuipita rekodi ya Wayne Gretzky, katika maisha yake yote ya ligi ni mara chache mno alipopewa kazi ya kuziba pengo. Makocha wake walimweka mahali pa kufunga, naye akafunga. Ni nani atakayesema walikosea?

Niliposoma habari hizo nilifurahi. Nilijiona kwamba siku ile ya kamba za kiatu nilikuwa na akili kuliko umri wangu. Lakini furaha yangu haikudumu, kwa sababu upande wa pili nao una maneno.

Upande wa pili husema hivi: mfungaji mkuu ana kitu ambacho mlinzi hana, nacho ni kujua mapema. Yeye amekaa miaka akitafuta njia za kupita; kwa hiyo akisimama kulinda, huona njia ile ile kabla mpinzani hajaipitisha pasi, naye huikata. Tena hutia hofu. Timu yenye mtu zaidi mara nyingi huweka mafowadi wanne na beki mmoja tu, ili ifunge haraka. Hao mafowadi hawakuzoea kurudi nyuma. Wakijua kwamba kati ya wale wanne waliobaki yumo mtu mwenye mkono wa kufunga, hawathubutu kusogea mbele sana, na pasi zao hupoteza ujasiri.

Gretzky mwenyewe ndiye shahidi mkubwa. Katika magoli yake 894 ya ligi, 73 aliyafunga timu yake ikiwa pungufu, na hakuna aliyeifikia hesabu hiyo. Msimu wa 1983–84, katika timu ya Edmonton Oilers, alifunga 12 namna hiyo. Mario Lemieux wa Pittsburgh akaipita msimu wa 1988–89 kwa kufunga 13, na msimu huo huo alikuwa na magoli 85 jumla. Huyo Lemieux, tarehe 31 Desemba 1988, alifunga magoli matano katika mechi moja kwa namna tano mbalimbali: timu zikiwa sawa, timu yake ikiwa na mtu zaidi, timu yake ikiwa pungufu, kwa mpigo wa adhabu, na katika goli lisilo na golikipa. Kama angekuwa benchi akifunga kamba za viatu, yangekuwa manne.

Wala si mambo ya zamani tu. Msimu wa 1923–24? La, miaka mia baadaye, msimu wa 2023–24, Sam Reinhart wa Florida Panthers alifunga magoli 57. Kati ya hayo, 27 aliyapata timu yake ikiwa na mtu zaidi, na matano timu yake ikiwa pungufu. Yeye na nahodha wake Aleksander Barkov walikuwa waziba pengo wa kila siku. Na tarehe 24 Juni 2024, katika mechi ya saba na ya mwisho ya kugombea Kombe la Stanley, Panthers waliwashinda Oilers 2 kwa 1, na goli la ushindi lilikuwa la Reinhart huyo huyo. Basi hakuwa amechoka.

Sasa ndugu msomaji atauliza, ikiwa Ovechkin hakuziba pengo na akaweka rekodi, na Reinhart aliziba na akachukua kombe, ni yupi wa kufuatwa? Nami nilijiuliza hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipotambua kwamba swali langu la tangu Gihundwe lilikuwa limeulizwa vibaya. Nilikuwa nikiuliza, "Je, mfungaji aingie au asiingie?" Ilinipasa kuuliza, "Aingie lini, kwa muda gani, na akafanye nini?"

Tazameni jinsi dakika mbili zinavyogawanyika. Mwanzo wa adhabu, wapinzani huleta kundi lao bora lenye pumzi mpya, nalo hukaa kwa zaidi ya dakika moja. Hapo ndipo mipigo huwa mingi na hatari huwa kubwa. Huo ni wakati wa mafundi wa kuzuia. Lakini dakika ya kwanza ikipita, lile kundi bora limechoka, na pengine kundi la pili limeingia ambalo si hodari sana. Hapo mfungaji akiingia kwa sekunde 30 au 40 za mwisho, yeye ana pumzi na wao hawana. Akiiba pasi moja, njia iko wazi mbele yake. Na adhabu ikiisha, tayari yumo kiwanjani, na mwenzake anatoka kizimbani kumsaidia. Kwa hiyo nguvu zake hazikupotea. Zilitumika pale pale palipo na faida ya kufunga.

Tena kazi yake ndani ya mraba ule si kujirusha. Wenzake wawili wa nyuma ndio wenye kuzuia mipigo mbele ya goli. Yeye husimama mbele, gongo lake likiwa njiani mwa pasi, akimsumbua mwenye kisahani na kumlazimisha afanye haraka. Akili yake ndiyo inayolinda. Mwili wake unaachwa salama kwa kadiri iwezekanavyo katika mchezo wa watu wazima.

Na jambo la tatu ni hesabu ya watu. Timu kubwa yenye mafowadi 12 inaweza kumpumzisha mtu kama Ovechkin, maana wapo wengine wa kuziba. Lakini timu ndogo haina anasa hiyo. Hapo ndipo ninapowakumbuka wale Simba wa Barafu wa Nairobi, na ninaikumbuka timu yetu ya Gihundwe. Kwenye benchi letu siku ile ya 2007 tulikaa watatu: mimi, golikipa wa akiba, na yule mtoto wa mwaka wa pili. Mwalimu hakuwa akichagua kati ya mfungaji na fundi wa ulinzi. Alikuwa akichagua kati yangu na mtoto aliyekuwa hajafundishwa kazi ile. Mahali pasipokuwa na fundi, kusema "hiyo si kazi yangu" ni kumtwika mdogo mzigo uliokuwa wako.

Nikiyarudisha haya katika mpira wa mikono, ambao ninyi mnaujua kuliko hoki, ningewashauri hivi. Mkitolewa mtu, mfungaji wenu asiwe wa kwanza kuruka mbele ya mpira. Mpangeni pembeni au mbele kidogo ya wenzake, mahali pa kunusa pasi, ili akiinyakua akimbie moja kwa moja. Mita 40 za kiwanja si nyingi kwa mtu aliyeondoka kwanza. Nyuma, karibu na mstari wa mita sita, wasimame wenye mabega. Mkiwa na mpira, msiwe na haraka, maana kila pasi salama inakula saa ya adhabu, lakini mwangalieni refa asije akaona mnapoteza wakati. Siku hizi tena sheria huruhusu kumtoa golikipa mkishambulia, ili mchezaji wa sita aingie mahali pa aliyetolewa. Timu nyingi hufanya hivyo, ila mkipoteza mpira, goli lenu liko tupu. Hapo mfungaji hana budi kuwamo, naye ajue kwamba kosa lake litalipwa mara moja.

Nawasemea vijana wenye uwezo wa kufika mbali. Mwaka 2023 timu ya Rwanda ya vijana chini ya miaka 19 ilicheza Kombe la Dunia la mpira wa mikono huko Kroatia. Katika mechi za namna hiyo hakuna timu inayomaliza bila mtu kutolewa. Basi anayejua kufunga tu amejifunza nusu ya mchezo.

Mwaka jana nilikuja nyumbani likizo. Nikapanda mpaka Gihundwe jioni moja, na rafiki yangu mlinzi akaja kutoka Bukavu, anakofanya biashara yake, tukasimama kando ya kiwanja kutazama wanafunzi wakicheza. Nilimweleza yote haya niliyowaandikia, habari za Gretzky na Lemieux na zile sekunde 40 za mwisho. Alinisikiliza kwa uvumilivu mwingi. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku ile ulitakiwa uingie nusu ya pili ya adhabu."

Nikamwambia ndiyo, dakika moja ingetosha.

Akasema, "Mimi nilikuwa nimeketi pale kando ya meza ya saa, dakika zote mbili. Sikutaka uzuie kitu. Nilitaka kukuona ukisimama tu."

Sikuwa na jawabu. Ninaliandika hapa kwa sababu makocha wa huku huhesabu mambo mengi, sekunde na mipigo na pasi, nami nimewaeleza hesabu zao kwa kadiri ninavyozijua. Lakini yule aliyeketi katika adhabu naye anahesabu. Anatazama ni nani wanaoinuka kulipa deni lake.

Wenye maoni mengine juu ya neno hili, hasa ninyi mliocheza ulinzi, waandikieni wahariri wa gazeti letu. Nitafurahi kusahihishwa.

Mimi wenu, mwanafunzi wa zamani.